Eneo Bunge Lililogawiwa Majirani

Mama, hujambo?

Joto la Doha limewaleta hata paka kujificha kwenye kibanda changu cha ulinzi hapa kwenye kisiwa cha Pearl. Leo mzee mmoja Mwingereza, mkazi wa jumba ninalolinda, alikuwa akingoja teksi. Nikamuuliza, kama tunavyoulizana nyumbani, yeye ni wa eneo bunge gani.

"Lilifutwa," akasema. "Majirani wa kaskazini walipewa baadhi ya vijiji, wa kusini wakapewa vilivyobaki."

"Na watu je?"

"Wako palepale. Lakini mimi nikiulizwa kwetu ni wapi, bado nalitaja lile la zamani."

Nimeliwaza zamu nzima. Sasa niambie ukweli, Mama: kile chumba changu bado mnakiita cha Wafula, au mmeshawapa kuku?

Wasalimie wote, kuku pia.

Mwanao,
Wafula