Mashine Iliyoingizwa Ingali Moto

Jumatano. Mwezi wa sita, jua na vumbi tupu huku Carama. Sihisi chochote. Nimejaribu kulia, nimeshindwa.

Hangari, lile banda kubwa la nyasi, iliungua juzi usiku. Tangu vita vianze, ng'ombe wa patroni, mwenye shamba, hawaendi malishoni, wanakula marobota ya nyasi kavu. Sasa hawana kitu.

Mjomba Fidèle ndiye anayeendesha mashine ya kufunga marobota. Hajui Kifaransa, kwa hiyo mimi humsomea kitabu cha maelekezo ya mashine. Kuna ukurasa nimeusoma mara nyingi: ondoa makapi yaliyojaa kwenye beringi, kata kamba zilizojisokota kwenye ekseli, iache mashine nje ipoe kabla ya kuiweka penye nyasi.

Juzi tulichelewa. Jioni bariyeri ya askari barabarani ikifungwa, hupiti. Na mashine ikilala nje, asubuhi utakuta wezi wamebakiza vyuma nusu. Mjomba akaivuta kwa trekta mpaka ndani ya hangari, hajaisafisha. Nilipita karibu na beringi, joto likanipiga usoni. Grisi ilinuka kama imekaangwa.

"Mjomba, kitabu kinasema..."

"Kitabu kinakaa Ulaya, mutoto. Kule hakuna bariyeri. Panda baiskeli twende!"

Nikapanda.

Ningeweza kusema mara ya pili. Sikusema.

Leo patroni amemwita Zakaria, zamu anayelinda shamba usiku, mbele yetu sote.

"Ni sigara yako."

"Apana, patron. Mi niliacha tangu Pasaka."

"Uliacha kununua, unaomba za wengine!" mfanyakazi mmoja akadakia, watu wakacheka. Zakaria hakucheka. Amepewa mpaka kesho aondoke. Analala pale shambani na mke na watoto wanne, kwa sababu nyumba yao ya Kinama ilichomwa. Hawana pengine.

Mjomba alitazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu.

Tulipofika nyumbani nikamwambia nitakwenda kwa patroni na kile kitabu.

"Nenda we," akasema. "Mi Kifaransa sijui."

Patroni huongea nasi Kiswahili kila siku.

Nitakwenda asubuhi, kabla Zakaria hajakunja mikeka. Nitasema moto ulitoka kwenye mashine, na kwamba nilijua. Hayo naweza.

Lakini akiuliza nani aliiingiza, nitajibu nini?