Diski Zisizolala

Thorben, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Unajua mke wangu Wiebke alishaapa: diski za seva yangu ya nyumbani zisipolala, yaani zisipoacha kuzunguka, wakati hazitumiki, seva inatoka stoo na friza yake inaingia. Umeme umepanda, hataki utani.

Nikazipanga zilale baada ya dakika kumi. Wapi! Kila robo saa zinanguruma upya. Nikamsingizia paka. Paka, Thorben!

Kumbe ni programu niliyoiandika mwenyewe. Kila robo saa inazigusa diski kuangalia kama zimelala. INAZIAMSHA kuangalia kama zimelala!!

Nikajitetea, "Mpenzi, si nia ilikuwa njema?"

Wiebke akaweka kikombe cha kahawa chini. "Henning, hata mwanao Lotte jana ulimwamsha kumuuliza kama amelala. Friza inakuja Jumatatu."