Kwa Nini Damu ya Kaka Yako Ilitupwa

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Baridi imekuachia angalau vidole vya kushikia kijiko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama alitoka salama kwenye upasuaji, na jana alinigombeza kwa kumpikia uji mwepesi, kwa hiyo jua kwamba anapona.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Nasikia hupokei simu za kaka yetu Fundi tangu kaka mkubwa alipokuambia kwamba damu aliyoitoa Fundi kwa ajili ya Mama ilitupwa kwa kosa lake mwenyewe. Umeambiwa nusu ya habari, mdogo wangu, tena ile nusu mbaya.

Unatujua. Daktari alipotaka wachangiaji, tulikwenda ukoo mzima kama tunaopiga picha ya harusi. Mimi nilidhani kuna mpira utakaotoka mkononi mwangu moja kwa moja hadi kwa Mama. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba damu yetu inakwenda benki ya damu, inapimwa, kisha anapewa yeyote inayemfaa. Mama angepewa ya watu wengine, iliyokwisha kupimwa. Nilinuna kidogo.

Halafu yakaja maswali. Umekula? Unatumia dawa gani? Umeugua nini? Umechorwa mwili karibuni? Mimi nilikataliwa palepale kwa upungufu wa damu, nikaondoka na vidonge badala ya sifa. Fundi alisema amekula, hatumii dawa, hajaugua, hajachorwa; akatoa damu, akakaa kupumzika na glasi yake ya maji ya matunda.

Kumbe mwezi uliopita Fundi alichorwa begani jina la mkewe na rafiki yake wa gereji, kwa sindano ya kuazima! Mtu mzima na mvi zake! Alificha kwa sababu sote tulikuwa tumesimama pale, na Mama yuko wodi ya jirani. Unakumbuka Mama anavyowaita waliochorwa: kuta za choo cha shule.

Msichana aliyekaa karibu naye akamuuliza muuguzi, "Sasa kama damu inapimwa, maswali yote yale ya nini?"

"Vipimo ni vizuri," muuguzi akasema, "ila ugonjwa ulioingia mwilini juzijuzi unaweza usionekane. Hapo tunategemea ukweli wako."

Fundi akaweka glasi chini. Jasho lilimtoka, nami nikaanza kumpepea nikidhani amezidiwa. Akainuka, akamwambia muuguzi mbele yetu sote, "Dada, nimekudanganya. Ile damu msimpe mtu."

Muuguzi hakumfokea. Aliuweka kando ule mfuko wa damu ukatupwe, akamshukuru, akampangia siku za kuja kupimwa. Aliyefoka ni kaka mkubwa, eti ametuaibisha. Majibu ya kwanza ya Fundi ni mazuri, ingawa atapimwa tena.

Nimewaza sana tangu siku ile. Mwilini mwa Mama sasa kuna damu ya mtu tusiyemjua. Naye alikaa kwenye kiti kama kile, akaulizwa yaleyale ya aibu, akajibu kweli. Natamani kumshukuru na sina pa kumpata. Fundi naye, kwa kukiri kwake, amekuwa mtu wa namna hiyo kwa mgonjwa fulani, ila alichelewa kwa glasi moja ya maji ya matunda.

Mama alipoambiwa, alimwamuru Fundi avue shati. Aliliangalia lile bega kwa karibu.

"Herufi zimepinda," akasema. Kisha akamvuta, akambusu palepale penye jina.

Wasalimie shemeji na watoto. Kaka mkubwa anakusalimu, amepoa kidogo. Mungu akulinde, na akuzidishie afya ya kutufikia.

Mpigie Fundi leo. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie tu umemkumbuka.

Akupendaye bila kuchoka,
Dada yako