Biriani ya Zuhura

Mjukuu wangu Rahma,

Asalam aleikum. Hapa Al Baraha tu wazima. Babu yako kanunua mashine ya kupima presha, na sasa mgeni hakai kabla hajapimwa. Fundi wa AC juzi alikimbia.

Umeniuliza kama uombe kuingia chama cha wanafunzi bora, ilhali mwaka wa kwanza ulipewa onyo kwa kunakili insha ya mwenzako. Nimemkumbuka shoga yangu Zuhura.

Tulipokuwa wasichana wageni hapa Dubai, wanawake wa kwetu tulikuwa na kikundi cha kupika harusini. Zuhura alitaka kuingia, akatuletea biriani tamu ajabu. Tulikuwa bado tunamsifu, mwenye mkahawa wa jirani akabisha hodi, anadai sufuria lake. Zuhura akafukuzwa.

Mwaka uliofuata akarudi. Kabla hatujamuuliza kitu akasema, "Ile niliinunua, nikawadanganya. Hii nimepika mwenyewe, na imeungua. Onjeni."

Kiongozi wetu, Bi Mwana, akatafuna, akanywa maji, akatafuna tena. "Khalas, yamekwisha," akasema, "hii hakuna mkahawa ambao ungethubutu kuiuza. Ingia, uanze kwa kumenya vitunguu."

Zuhura akacheka huku analia. Alimenya vitunguu muda mrefu, na mwishowe ndiye aliyepika biriani ya harusi ya mama yako.

Basi omba, mwanangu. Habari ya lile onyo itangulize mwenyewe. Wakikukubali, watakuwa wamekukubali wewe hasa. Wakikukataa, nipigie simu tuwasengenye pamoja.

Akupendaye,
Bibi yako