Sajini Ataka Mgongo Upinde, Muuguzi Ataka Nyonga Zinyooke

Mpendwa Mama Mshauri,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, siku ya mechi yetu na timu ya Aru ya Zaire, maana hata usingizi siupati kwa hofu. Mimi ni winga wa kushoto, kazi yangu useremala, kwetu ni Logiri, lakini sajini mmoja alinichukua nichezee timu ya kambi huku Koboko, na kukataa huwezi, na sasa kiuno kinaniuma mpaka nikipiga mpira nauma meno, nikaenda Arua kwa siri kwa muuguzi mmoja, Pasca, akanitazama nilivyosimama akasema nyonga zimeinama mbele, mgongo umebonyea, ndiyo maana misuli ya mapaja inakaza. Akanifundisha nilale chali, nikunje magoti, nibane tumbo mpaka mgongo uguse mkeka, kisha ninyanyue makalio polepole, halafu nipige goti moja ninyooshe paja, na nikisimama nisitokeze makalio. Maumivu yameanza kupungua, Mama, lakini sajini hutupanga mstari kama askari kabla ya mazoezi, na juzi alinikuta nimesimama kama Pasca alivyosema. "Wewe nasimama namna gani? Kifua mbele! Matako nyuma! Wewe iko nadharau jeshi?" Nikasema hapana afande, nikapinda mgongo, nikacheza vibaya, akasema, "Jumamosi kama watu ya Aru nafunga sisi, mimi najua mutu ya kuuliza." Mwenzetu Asiku, golikipa, alimwambia goti linamuuma, akaitwa mgomaji, akapandishwa gari, hatujamwona tena. Nikisimama vizuri nadharau jeshi, nikisimama vibaya nashindwa kukimbia. Nifanye nini? Jina langu usilitaje.

Winga

Mwanangu Winga,

Hii siichapi gazetini. Sajini wako naye husoma. Nakujibu kwa mkono wa dereva wa lori, na ukishasoma uchome.

Pole sana. Lakini nawe una kichwa kigumu! Nani alikutuma kufuata maneno ya Pasca mbele ya mtu mwenye bunduki? Mstarini pinda mgongo anavyotaka. Gwaride la dakika chache halitakuvunja. Kinachokuumiza ni kukimbia na misuli iliyokaza. Mazoezi fanya chumbani, mlango umefungwa, asubuhi na jioni, na usiyaache kwa sababu umepata nafuu. Wachezaji ndivyo mlivyo, mkipona kidogo mnasahau.

Akikufuma umelala chali, usitaje maumivu wala muuguzi. Mwambie, "Afande, watu ya Aru nafanya hii, napata shuti kali." Mtu yule hawezi kuvumilia Wazairi wa Aru wawe na kitu asichokuwa nacho. Ataiamrisha timu nzima ilale chini, nawe utatibiwa kwa amri ya jeshi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa naogopa mimi mwenyewe. Mechi ikiisha vibaya, au mtu akianza kuuliza unalala wapi, usirudi kuchukua nguo. Mpakani pa Oraba usiende kabisa, askari wa pale wanaijua sura yako. Panda lori la Arua, pitiliza mpaka kwenu, kisha uvuke kuingia Zaire kwa miguu, kupitia mashambani. Usiage mtu. Nyonga utazinyoosha huko huko, ukiwa hai.