Mama Mkwe na Shingo za Wateja Wangu

Gitega, Nyarugenge,
Kigali.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Mwamini,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo ya kupiga magoti kabisa. Goti lako la kushoto vipi? Bado linakuambia mvua inakuja kabla ya redio? Na Mzee Sibomana, kikohozi kimepungua au bado anavuta kwa kujificha nyuma ya choo akidhani hujui? Idi ilikuwaje huko Ujiji? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Shimwa ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mutsinzi amenenepa, lakini yeye anasema mashati ndiyo yanayorudi yakifuliwa.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono siku hizi. Ningekutumia ujumbe wa sauti kwenye simu, lakini ule wa mwisho uliufungulia mbele ya majirani zako wote, na kesho yake nikaanza kupokea pole kutoka kwa watu nisiowajua. Haya ni ya macho yako peke yako. Kesho nitampa barua hii Aimable, yule dereva wa lori anayekuja Kigoma, naye ameapa hataifungua.

Mambo yenyewe ni ya mama mkwe.

Unamkumbuka Mama Mukantwari, ndiye aliyeinuka siku ya ndoa yangu akaja kunirekebishia mtandio mbele ya shehe. Siku ile ile ulinivuta pembeni ukanifunda: mkwe akisema, itikia naam, akikosea, pika chai. Shangazi, nimepika chai mpaka birika limetoboka.

Anakaa hapo juu tu, ukipanda ngazi za mtaa wetu. Zamani alikuwa fundi wa nguo, na jina lake lilijulikana Biryogo nzima, mpaka miguu ilipoanza kuvimba na daktari akamkataza kukanyaga cherehani. Hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya fundi mwenzake, Hakizimana, aliyethubutu kufumua mkono wa gauni aliloshona yeye. Anasema alimfukuza kwa rula ya mbao mpaka barabara kubwa, na Hakizimana akafika huko na kiatu kimoja. Hiyo nimeisikia hata naota. Basi alipoacha kazi, cherehani akanipa mimi, mbele za watu, watu wakapiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha. Sikujua kwamba amenipa cherehani tu, ufundi amebaki nao.

Hapigi hodi. Nilimuuliza siku moja, kwa upole wote ulionifundisha, akanishangaa kweli: "Niko kwa mwana wangu, nipige hodi kwa nani?" Basi anaingia tu. Anafunua sufuria, anaonja, anasema chumvi iko nyingi. Kopo la sukari analihamisha, na mimi naanza kulitafuta kwangu mwenyewe kama mgeni. Juzi juzi alinikuta bafuni nina povu kichwani, akasimama pale pale mlangoni kunieleza bei ya vitunguu imepanda kiasi gani.

Nikatia komeo mlango wa mbele. Akazungukia kwa jirani yangu Scovia, akapitia uani, akatokea jikoni, akanikuta nimetega sikio kwenye mlango wa mbele kusikia kama ameondoka. Akanionea huruma, akadhani naogopa wezi. Jioni akaja na komeo la pili.

Nikamtuma Mutsinzi akaongee na mama yake, mtu mzima, baba wa mtoto, mwenye duka lake la vipuri vya pikipiki. Alipanda ngazi akiwa amekunja uso, nikasema leo ni leo. Alirudi na bakuli la isombe, kile kisamvu cha huku, midomo inang'aa mafuta, akaniambia mama anasalimu na anasema nipunguze chumvi. Nilimnyima maneno siku mbili na hakugundua. Alikuwa anakula isombe.

Yote hayo ningeyavumilia, Shangazi. Nyumba ni yetu sote, na sufuria ni sufuria. Lakini kazi yangu ndiyo kitu pekee ninachosema ni changu.

Ilianza kwa mteja mmoja kurudisha blauzi akilalamika kwamba shingo inamnyonga. Nikapima, kweli imepanda. Nikajilaumu, nikasema labda mkasi uliteleza. Akaja wa pili: mpasuo wa sketi umefungwa mpaka chini, dada wa watu alishindwa kupanda pikipiki, akatembea hatua fupi fupi hadi kazini. Nikaanza kuogopa macho yangu. Nilifikiri naumwa. Mpaka siku nilipoichukua ile sketi nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaona mishono ya mkono, midogo hata huioni, imenyooka moja kwa moja. Gitega hii hakuna mtu mwingine anayeshona hivyo kwa mkono. Kumbe mimi nikiwa jikoni napika ile chai yako, yeye yupo sebuleni na sindano yake, kimya kabisa, anawasitiri wateja wangu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikapika chai.

Ndipo akaja Kaliza. Huyu ni dada anayefanya kazi wizara moja huko Kacyiru, amekulia Uganda, mpole lakini anajua anachotaka. Alitaka gauni la kijani la sherehe ya posa ya dada yake, mgongo wazi mpaka karibu na kiuno. Akaniambia likimkaa vizuri, arusi yake mwenyewe ya mwezi wa nane ni yangu: gauni lake na nguo za wapambe wote. Shangazi, kwa kazi ile ningeweza kupanga kile chumba cha duka pale kwenye kona, chenye mlango wake na kibao chenye jina langu. Nilishona lile gauni nikizuia pumzi. Nilipolimaliza nililifunika kwa shuka, na juu ya shuka nikaweka msahafu, nikasema hapo hata yeye atapaogopa.

Aliuhamisha msahafu kwa heshima, akauweka juu ya kabati.

Kaliza alikuja kuchukua gauni lake asubuhi ya sherehe yenyewe. Mama Mukantwari yupo, amekaa kwenye kiti changu. Kaliza akaingia chumbani kulijaribu, akatoka amegeuka ili tumtazame. Mgongo wote umezibwa. Umezibwa kwa kipande cha lile pazia la kijani ulilonibebea wewe kutoka Kigoma. Nikatazama dirishani, pazia langu limeishia katikati. Na nikuambie ukweli, rangi zilikubaliana.

"Sasa umekuwa mama wa watu," mkwe akamwambia, amefurahi. "Ile ya kwanza ungepata baridi."

Kaliza alinitazama mimi tu, na nikaona ile arusi ya mwezi wa nane inatoka mlangoni, na kibao changu nyuma yake. Nilijua nikisema kama mkazamwana, nimekwisha, kwa sababu mkazamwana hana neno, wewe mwenyewe ulinifunda hivyo. Sijui nani alinitia akili. Nikauliza taratibu, "Mama, yule Hakizimana alipofumua kazi yako, ulimfanya nini vile?"

Hadithi yenyewe haijui kukaa tumboni mwake. "Nilimfukuza na rula!" akasema, mkono umeshapanda juu. "Kazi ya fundi haiguswi na fundi mwingine! Ile ni kama kumpiga..."

Mkono ukabaki juu.

Mimi niliichukua rula yangu ya mbao, sikuiinua, nikailaza juu ya meza kati yetu. Yeye aliitazama rula, akatazama gauni, akatazama pazia. Kisha akachukua mkoba wake akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akafunga mlango nyuma yake.

Nikaufumua ule mgongo Kaliza akiwa amekaa anasubiri, na ilinichukua muda mrefu kuliko kuushona, maana mama yule hashoni kitu kifumuke. Akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, akacheka kidogo. Akasema wapambe atawaleta kupimwa wiki inayofuata, ila kwa sharti kwamba nguo zao zikae mahali penye kufuli.

Ungedhani nilisherehekea. Siku ile nilisherehekea. Lakini ikapita siku ya pili bila mama mkwe kuja, na ya tatu, na wiki ikaisha. Kopo la sukari lilikuwa pale pale nilipoliacha. Mutsinzi akawa ananitazama wakati wa kula kama mtu anayetaka kuuliza na anaogopa jibu. Shimwa yeye aliuliza wazi: bibi amekufa? Nikapika isombe mwenyewe, hakuna aliyeisema vizuri wala vibaya, na hiyo iliniuma zaidi. Nilimkumbuka yule mama, na bado nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja. Nililia kidogo juu ya cherehani yake. Sikutaka aondoke, nilitaka tu abishe hodi.

Jana Ijumaa, baada ya swala, nikasikia mtu mlangoni: "Hodi." Sauti sikuitambua, maana neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikadhani ni mtu wa maji amekuja kusoma mita, nikajibu asubiri. Akasubiri. Kisha nikasikia tena, "Hodi, fundi."

Hakuita mkazamwana wala mama Shimwa, aliita fundi. Nilisimama katikati ya nyumba na nyuzi mdomoni, nikachelewa kujibu makusudi. Mungu anisamehe, nilikuwa naonja.

Alikuja na kitenge kipya cha zambarau. Hajawahi kumpa fundi mwingine nguo yake maisha yake yote, alijishonea mwenyewe hata gauni la arusi yake. Alisimama wima nimpime, ameinua kidevu. Nilipomzungushia futi kamba nikaona jinsi alivyopungua mabega, nikashikwa na huruma ghafla, lakini sikusema, angenirudishia yale ya chumvi. Nikapima kila kitu. Nilipofika shingoni akamwambia Shimwa aende nje akacheze. Akachungulia dirishani, chini ya lile pazia fupi, kama kuna mtu. Kisha akaninong'oneza:

"Shingo ushushe vidole viwili. Hata mimi niko na shingo."

Leo nimeshamshonea gauni lake, na limetundikwa hapa mbele yangu nikikuandikia. Nakwambia limependeza. Kwa hiyo, Shangazi, ushauri wako wa chai naurudisha kwako kwa heshima zote, nakuomba uwape wasichana wengine. Na pazia usilikasirikie, ukija utaniletea lingine.

Nisalimie Mzee Sibomana na kikohozi chake, Mama Habiyaremye wa ng'ambo ya barabara, na Kaze, mwambie asome na aache kushinda na simu. Mutsinzi anakusalimu, na Shimwa anakuonyesha pengo lake. Mungu akulainishie goti lako, akupe usingizi mwema, na akuweke mpaka uje ukae juu ya kiti cha duka langu.

Ni mimi ninayekupenda sana na kukuogopa kidogo,

Zaina

Shangazi Mwamini, mimi ni Mukantwari, mama ya Mutsinzi. Hii barua ilikuwa juu ya cherehani. Nilipiga hodi mara tatu, hakuna mtu alijibu, nikaingia nikasoma. Mambo yote ni ya kweli, na chumvi mpaka leo iko nyingi. Lakini shingo haikushuka vidole viwili. Nilipima tu, uzi sikugusa. Ni kidole kimoja na nusu. Umwambie mtoto wako aongeze.