Ubeti wa Mwisho Ulikuwa wa Baba

Mwalimu wangu,

Tulikuzika Jumamosi nyuma ya nyumba yako Bungoma, lakini hasira yangu haikuingia nawe kaburini. Nimerudi nayo Kitale.

Nakumbuka meza yako ya jikoni. Ulimwaga punje za mahindi ukaniambia nipange nane kwa kila mstari, punje moja kwa kila silabi. "Rudia," ulisema, hata nilipolia. Ulinisomea tenzi za kale, za vita na mashujaa, ukanionyesha jinsi mtunzi anavyoomba karatasi na wino mwanzoni, na anavyojitaja kwa jina mwishoni. Kila ninachojua nilikipata kwenye meza ile. Sikatai.

Ndipo nikamtungia baba utenzi. Alitengeneza karatasi kiwandani Webuye miaka mingi, na mpaka leo hawezi kushika karatasi asiipapase kwanza kwa kidole gumba. Hilo niliandika. Kwenye ubeti wa mwisho niliweka jina lake na langu. Sikumwonyesha; nilitaka ausome kitabuni utakapochapishwa.

"Hii ya mwisho niachie nirekebishe, bana," ulisema. "Wewe bado mchanga." Nikakuachia daftari lote.

Kitabu kilitoka na jina lako jaladani, na jina lako pekee kwenye ubeti wa mwisho. Nilipokuja kukuuliza, hukuona hata haya.

"Si mimi ndio nilikufundisha kuhesabu?"

Nikakuaga, nikaenda zangu. Nilikuogopa, na nilikupenda kama mzazi. Najichukia kwa hilo.

Jumamosi mkeo akaniomba niusome utenzi ule mbele ya jeneza. Niliusoma wote, na mwishoni nikatamka jina lako. Watu wakalia. Baba alikuwa ameketi mbele, anapapasa karatasi ya ratiba ya mazishi. Nilipoketi kando yake akaninong'oneza, "Huyu mwalimu yako alikuwa mtu. Ati alijua mpaka hii kidole yangu! Hata nyinyi watoto wangu hamjawahi kuniona hivyo."

Nilishindwa hata kumtazama.

Leo nimemwaga mahindi mezani nikaurudisha ubeti ule kama ulivyokuwa. Kesho nampelekea. Hukuniibia utenzi tu, Mwalimu, uliniibia sikio la baba. Naogopa ataupapasa kwa kidole gumba, anitazame, aniulize kwa nini namwibia marehemu.

Lala, ukiweza.

Uliyemfundisha kuhesabu